Nguo za Ukutani, Nguo za Sandukuni

Wanawake wa Misri ya kale, kama kweli wangevaa nguo walizochorewa kwenye kuta za makaburi, wasingeweza kupanda ngazi. Kuchuchumaa ndiyo kabisa. Gauni lenyewe huanzia chini ya matiti, likashikiliwa na mikanda miwili ya mabegani, kisha hushuka likiwa limeubana mwili hadi karibu na vifundo vya miguu, bila mkunjo, bila mpasuo, bila nafasi ya mguu mmoja kuupita mwingine. Katika sanamu ya mfalme Menkaure na malkia wake, iliyofukuliwa Giza mwaka 1910 na ambayo sasa iko Boston, vazi la malkia limeng'ang'ania mwili kiasi kwamba kitovu kinaonekana, na magoti pia. Na bado malkia ametanguliza mguu wa kushoto! Aliyechonga jiwe lile hakuona tatizo lolote. Fundi cherehani angeliona kabla hajatoa futi yake mfukoni.

Kwa muda mrefu waliotaka kujua Wamisri wa kale walivaa nini waliziuliza kuta na sanamu. Si ajabu, maana zipo nyingi na zinapendeza. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 walizinakili na kuzitia madoido, mafundi wa majukwaa ya maigizo wakawafuata wachoraji, na sinema ikawafuata mafundi. Elizabeth Taylor alipocheza Cleopatra katika filamu ya mwaka 1963, mavazi yake yalikatwa kwa ustadi wa kisasa yakakaa mwilini barabara, na filamu ikatwaa Oscar ya mavazi. Cleopatra mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Kigiriki na aliishi karibu miaka 2,400 baada ya Menkaure. Watengenezaji wa filamu hawana habari na miaka hiyo. Kwao Misri ni moja na nguo ni ile ile.

Ushahidi wa aina nyingine ulikuwepo, ila ulikuwa mchafu, umechakaa, na umerundikwa stoo.

Katika msimu wa 1912 na 1913, Mwingereza Flinders Petrie alikuwa akichimba Tarkhan, eneo la makaburi ya kale lililo kama kilomita 50 kusini mwa Cairo. Kaburi moja kubwa, alilolipa namba 2050, lilikuwa limeshaporwa zamani za kale. Wezi walichukua walichokitaka wakaacha rundo la vitambaa. Enzi zile wachimbaji wengi walikuwa na macho ya dhahabu, sanamu na maandishi tu. Matambara yalikuwa takataka. Petrie alikuwa mtu wa kuokota vigae na shanga moja moja, na rundo lile akaliokota pia. Likasafirishwa London, likakaa makumbusho zaidi ya miaka 60 bila mtu kulifumua.

Mwaka 1977 lilipelekwa kwa mafundi wa kuhifadhi vitambaa wa Makumbusho ya Victoria na Albert ili lisafishwe. Ndani yake mkatoka nguo iliyoshonwa.

Ni vazi la kitani lenye shingo ya V na mikono mirefu myembamba. Limeungwa kwa vipande vitatu vya kitambaa imara, chenye mstari hafifu wa kijivu unaotokana na rangi ya asili ya nyuzi zenyewe. Kifuani na mikononi limetiwa marinda membamba, kila rinda limelazwa juu ya jirani yake kwa usawa ambao fundi yeyote wa leo angeuheshimu. Upande wa chini umepotea, kwa hiyo wengine huliita gauni na wengine huliita shati. Ukubwa wake ni wa msichana au mwanamke mwembamba. Lilikutwa limegeuzwa ndani nje, yaani mtu alilivua kwa kulivuta juu ya kichwa, kama watu wavuavyo nguo hadi leo, na hakuna aliyejisumbua kuligeuza. Kwenye viwiko na makwapani kitambaa kimejikunja na kukaza pale mwili ulipokuwa ukikunjika. Si sanda, basi. Aliyelivaa alikuwa hai, akikunja na kukunjua mikono yake.

Umri wake ulipimwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Oxford kwa njia ya kaboni, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la Antiquity. Kitani kinafaa sana kwa kipimo hicho kwa sababu mmea wake huota na kuvunwa katika msimu mmoja. Ubao unaweza kutoka kwenye mti ulioishi karne tatu ukampoteza mpimaji. Uzi wa kitani hauna uzee wa aina hiyo. Jibu lilikuwa kati ya mwaka 3482 na 3102 KK, kwa uhakika wa asilimia 95. Vazi hilo lilishonwa miaka 500 au zaidi kabla ya piramidi kubwa ya Giza kujengwa, na ndilo vazi la kufumwa la zamani kuliko yote yanayojulikana.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Nguo za shingo ya V zenye mikono zimepatikana katika makaburi kadhaa. Petrie huyo huyo alizikuta Deshasheh mwaka 1897, ndani ya jeneza la mwanamke. Lakini ukutani ni nadra kuzikuta zimechorwa. Gauni la kubana, ambalo limechorwa na kuchongwa mara maelfu, hakuna aliyewahi kulifukua. Lililochorwa halionekani sandukuni, na la sandukuni halionekani ukutani.

Gillian Vogelsang-Eastwood, mtaalamu wa vitambaa vya kale aliyeanzisha kituo cha utafiti wa nguo mjini Leiden, Uholanzi, alilishika suala hili kwa mikono badala ya macho peke yake. Kwa hoja yake, sehemu kubwa ya magauni hayo ya kubana hayakushonwa kabisa. Yalikuwa kipande cha kitambaa kilichozungushwa mwilini na kukazwa, na mchoraji akakilainisha hadi mikunjo yote ikatoweka. Vitambaa virefu vya mstatili vimejaa kwenye makaburi, na vingi viliorodheshwa na wachimbaji kama shuka za kitandani au vitambaa vya maiti. Nguo ya kujifunga ina shida hiyo: ikishafunguliwa na kukunjwa haibakizi alama ya namna ilivyovaliwa. Haina kola wala tundu la mkono. Pengine mavazi ya karne nzima yamelala kwenye droo za makumbusho chini ya lebo inayosema "shuka".

Nguo za wanaume nazo zina kisa chao. Mwaka 1906 Mwitaliano Ernesto Schiaparelli alifungua kaburi la Kha na mkewe Merit, karibu na kijiji cha mafundi wa makaburi ya wafalme huko Deir el-Medina. Halikuwa limeguswa. Kha alikuwa msimamizi wa ujenzi wa makaburi, mtu mwenye cheo na uwezo lakini si mfalme, na masanduku yake yalikuwa yamejaa nguo ambazo sasa ziko katika Makumbusho ya Misri mjini Turin. Kuna mawinda, kuna shuka, na kuna majoho ya kitani ya mtindo ulioenea enzi zile: jora la kitambaa linakunjwa katikati, linatobolewa tundu la kichwa lenye mpasuo mdogo kifuani, halafu linashonwa pembeni na kuachwa nafasi za mikono. Mkazi wa Mombasa au Unguja akisimama mbele ya kabati lile la kioo hahitaji maelezo. Atasema hili ni dera.

Na kama dera lolote, halimbani mtu. Ni pana, linaingiza hewa, linamsitiri mnene na mwembamba vile vile. Kwenye picha za wakati huo huo, hata hivyo, mwenye joho huonekana amechorwa kwa mistari myembamba iliyofuata mapaja na kiuno chake, kitambaa chote kikiwa kama ukungu. Ilikuwaje mchoraji, ambaye bila shaka naye alivaa joho pana akiwa kazini, asilichore alivyoliona?

Kwa sababu hakuajiriwa achore alichokiona. Mchoraji wa Misri alianza kwa kupiga mistari ya miraba juu ya ukuta. Kwa karne nyingi mtu aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka unyayo hadi mstari wa nywele. Uso ulichorwa kutoka ubavuni, jicho kutoka mbele, mabega kutoka mbele, miguu kutoka ubavuni. Kila kiungo kilionyeshwa kwa upande wake unaotambulika zaidi, kwa kuwa picha ile ilikuwa na kazi ya kufanya: mwili wa marehemu ungeharibika, lakini ule wa ukutani ungebaki mzima na kijana milele. Nguo pana ingeuficha mwili huo. Kwa hiyo nguo ikapunguzwa ikawa alama tu: mistari miwili mabegani na pindo moja chini, mtazamaji akajua kwamba huyu ni mwanamke na amevaa. Hata fundo la shuka ya mwanaume, ambalo hukaa mbele ya tumbo, hugeuzwa lionekane huku miguu ikitazama pembeni. Mshonaji anayefuata picha hiyo neno kwa neno atajikuta na mshono usiowezekana.

Ndiyo maana watu wa fani hii hupenda michoro isiyo rasmi. Deir el-Medina, kijiji cha akina Kha, kumepatikana vigae na vipande vya mawe vilivyotumika kama karatasi za kuandikia mambo ya kila siku, vikiwemo vya dobi. Kwa kuwa si kila dobi alijua kusoma, vingine vina michoro ya nguo zenyewe na vidoti vya kuhesabia: joho doti mbili, winda doti kadhaa. Hakuna aliyetaka kuishi milele kwenye orodha ya dobi. Nguo zimechorwa zikiwa zimelala, pana, na mapindo yake yanaonekana.

Hata hivyo, kuna siku ukuta husema kweli na msomi ndiye anayekosea. Vazi la wavu wa shanga ni mfano. Wanawake wengi wa ukutani wana gauni lenye nakshi ya miraba iliyokaa kimshazari, yenye rangi za buluu na kijani, na mtu angeweza kudhani ni urembo wa mchoraji tu. Kisha mwaka 1927 msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard na Makumbusho ya Sanaa ya Boston ukafungua kaburi moja Giza, la enzi za mfalme Khufu. Juu ya mabaki ya mwanamke palikuwa na shanga zipatazo 7,000. Uzi ulikuwa umeoza na kuwa vumbi, lakini baadhi ya shanga zilikuwa hazijahama. Zimelala kwa mpangilio ule ule wa wavu. Zilikuwa na rangi za kuiga mawe ya thamani ya buluu na feruzi. Vazi hilo limetungwa upya kwa uzi mpya, na leo limesimama katika makumbusho ya Boston kama lilivyosimama miaka 4,500 iliyopita.

Kutunga upya shanga 7,000 kunawezekana tu kama kuna mtu aliyeziona zilivyolala kabla hazijaguswa. Mtu huyo ni mpiga picha. Katika msafara wa Giza kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na Wamisri, na mkuu wao alikuwa Mohammedani Ibrahim, aliyepiga maelfu ya picha kwa sahani za kioo kwa miongo mitatu hivi. Vitabu vya wakati huo viliweka jina la profesa aliyeongoza msafara kwenye jalada. Jina la Mohammedani lilibaki ndani ya daftari za msafara. Ukizitazama picha zake leo, utaona mtu aliyejua kungoja. Kivuli kimewekwa pale kinapohitajika ili ukingo wa kila kitu uonekane, fimbo ya kipimo iko mahali pake, na hakuna unyayo mchangani.

Shanga nyingine zilikutwa na mchimbaji Guy Brunton huko Qau mwaka 1923 au 1924, na sasa ni vazi dogo katika Makumbusho ya Petrie, London, la ukubwa wa binti wa miaka kama 12. Pindoni lina simbi 127. Ndani ya simbi kulitiwa vijiwe, hivyo kila hatua ya mvaaji ililia. Hilo hakuna ukuta ulioweza kulichora.

Kamera ilifika Misri mapema mno. Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na kabla mwaka huo haujaisha Wafaransa walikuwa wameshatua Alexandria na vifaa vyao. Miaka kumi baadaye akaja Maxime Du Camp, aliyepanda na kushuka mto Nile akipiga mahekalu. Ili watazamaji wa Paris wapate kujua ukubwa wa nguzo, alimsimamisha baharia wake Mnubi, Hadji Ismael, kileleni au ubavuni mwake, mara nyingi akiwa na kitambaa cha kiunoni tu. Du Camp mwenyewe alisimulia kwamba ili asitikisike alimwambia ile lenzi ni mzinga, na akijongea utalipuka. Basi picha hizo zinasifiwa kwa ukweli wake, nazo ni kazi nzuri kweli. Lakini kwa habari ya mavazi zinafaa kusomwa kwa tahadhari ile ile inayostahili kuta. Hapo napo kuna mtu aliyeamua mwenzake aonekane vipi.

Sahani za kwanza za kioo zilikuwa na upofu wake pia. Hazikuhisi nyekundu, na zilihisi buluu kupita kiasi. Nguo nyekundu ilitoka nyeusi tii na ya nili ikatoka imepauka, karibu nyeupe. Mtu anayetaka kushona upya vazi la karne ya 19 kwa kutazama picha ya zamani anaweza kununua kitambaa cheusi kwa vazi lililokuwa la rangi ya damu. Sahani zilizokuja baadaye zilipunguza kasoro hiyo, ila kijivu kilibaki kijivu.

Tatizo hilo Howard Carter alilijua vizuri kwa sababu yeye kwanza alikuwa mchoraji. Alifika Misri mwaka 1891 akiwa na miaka 17, kazi yake ikiwa kunakili picha za makaburi ya Beni Hasan. Alipolifikia kaburi la mfalme Tutankhamun mwezi Novemba 1922 alikuwa ameshazoea kutazama rangi kabla hazijafifia. Kwa kila kitu kilichotolewa aliandika kadi yenye vipimo, michoro na rangi. Picha akamwachia Harry Burton, Mwingereza wa Makumbusho ya Metropolitan ya New York, aliyeazimwa kwa kazi hiyo. Burton aligeuza kaburi jirani kuwa chumba cha giza. Alitumia taa za umeme, na mwanga wa jua aliurusha kwa vioo na vibao vya kuakisi. Kwa miaka kumi alipiga zaidi ya picha 3,000.

Nguo za mfalme zilikuwa mtihani. Wezi waliwahi kuingia kaburini muda mfupi baada ya maziko, na maofisa waliokuja kusafisha walizishindilia nguo masandukuni bila mpango. Sanduku moja lililopakwa picha za vita na uwindaji, leo likiwa miongoni mwa vitu maarufu kuliko vyote vya kaburi lile, lilikuwa limejaa ndara na mavazi yaliyosokotana. Kulimaliza kulichukua wiki tatu. Joho lililotiwa shanga na vipande vya dhahabu lilionekana zima, lakini likiguswa kitambaa kilikuwa kikigeuka masizi. Carter na mwenzake Arthur Mace wakalazimika kuchagua: waokoe kitambaa, nakshi ipotee, au waache kitambaa kife ili mpangilio wa shanga upatikane. Mara nyingine walichagua la pili. Walipima, Burton akapiga picha kila tabaka, kisha shanga zikatolewa safu kwa safu, wakitumaini kwamba siku moja patashonwa vazi jipya la kipimo kile kile na nakshi ya zamani irudishwe juu yake.

Msomaji anaweza kuona uamuzi huo ni wa kikatili. Lakini bila sahani za Burton leo pasingekuwa na joho wala nakshi, na picha zenyewe zinastahili kutazamwa kwa ajili yake pekee. Ipo moja ya sanduku lile lililofunguliwa mfuniko: ndara ziko juu, chini yake mikunjo ya kitambaa iliyojaa shanga, na mwanga umeingia kutoka pembeni kiasi kwamba jicho linaweza kuhesabu punje. Burton hakuwa akitafuta sanaa. Alikuwa akitengeneza hati, na hati ikatoka nzuri.

Vazi moja la Tutankhamun lilipata wachunguzi wa pekee. Ni joho ambalo shingo yake imetariziwa umbo la ankh, alama ya uhai, na chini likazungushwa vipande vyenye wanyama wa mawindo na viumbe wenye mabawa wa mtindo wa Shamu. Mwaka 1941 Grace Crowfoot na Norman de Garis Davies walichapisha uchunguzi wake. Crowfoot hakujifunzia kazi hiyo darasani. Alikaa miaka mingi Sudan na mumewe, na kule alijifunza kusokota na kufuma kwa wanawake wa Kisudani, akakaa nao chini kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa ardhini na kupigiliwa vigingi. Akaona ni kitanda kile kile kinachoonekana kwenye sanamu ndogo za mbao za makaburini. (Binti yake Dorothy Hodgkin alikuja kupata Nobel ya kemia mwaka 1964 kwa kuchambua umbo la molekuli; jicho la mpangilio lilikuwa la kifamilia.)

Miaka ya 1990 Vogelsang-Eastwood alirudi kwenye kadi za Carter, sahani za Burton na mabaki yaliyoko Cairo, na kwa kushirikiana na wafumaji wa Borås, mji wa nguo nchini Sweden, nakala za mavazi ya mfalme zikafumwa na kushonwa. Zilianza kuonyeshwa mwaka 1999. Hesabu ya kabati la mfalme huyo ilishangaza: mawinda 145, majoho kumi na mbili, glavu kadhaa, na soksi zenye nafasi ya kidole gumba peke yake ili ndara iweze kuvaliwa juu yake. Winda lenyewe ni pembetatu ya kitani. Ncha mbili hufungwa kiunoni, ya tatu hupitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa mbele. Lilikuwa la wote, mfalme na mchimba mtaro. Tofauti ilikuwa ulaini wa uzi.

Na uzi ndipo nakala nyingi zinapokwama. Fundi wa leo hununua kitani cha kiwandani, ambacho nyuzi zake zimechanwa fupi fupi na kusokotwa pamoja. Mmisri alimenya shina la kitani akatoa ukanda mrefu mwembamba, akaunga mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine kwa kuviringisha, kisha akasokota. Uzi wa namna hiyo unang'aa na hauna manyoya, na kitambaa chake huanguka mwilini kwa uzito tofauti. Kuna mavazi ya kifalme yaliyofumwa kwa uzi mwembamba hivi kwamba ngozi huonekana kwa nyuma. Kwa hiyo ule ukungu wa wachoraji, uliodhaniwa chumvi, ulikuwa na msingi wake. Wenye fedha walivaa nguo za kuonyesha mwili. Wachoraji wakawavika hivyo na wasiokuwa nazo.

Marinda nayo ni ugomvi usiokwisha. Baadhi ya makumbusho yana mbao za kale zenye mifereji, na wapo wanaosema kitambaa kibichi kilikandamizwa humo kikaachwa kikauke. Wengine, waliojaribu kwa mikono, wanasema mifereji hiyo haitoi marinda membamba kama yale ya Tarkhan, na kwamba yalikunjwa kwa vidole, rinda baada ya rinda. Anayekunja kwa vidole hugundua pia kwa nini Misri ilihitaji madobi wengi: ukifua, kazi yote inaanza upya.

Siku hizi picha za Burton zimetiwa rangi kwa kompyuta. Nyingine zilionyeshwa New York mwaka 2015. Zinavutia, na watoto husimama mbele yake. Kwa mtafiti wa nguo rangi hizo ni dhana ya mtu wa leo, zenye thamani tu pale zilipofuata kadi za Carter au kitu chenyewe. Nina de Garis Davies, mke wa Norman, alifanya kazi inayotegemeka zaidi kwa brashi. Kwa miaka mingi alikaa makaburini Luxor akinakili picha za ukutani kwa rangi alizozichanganya papo hapo mbele ya ukuta, na mahali ambapo ukuta umeharibika tangu hapo, nakala yake ndiyo shahidi.

Vitu vyote vya Tutankhamun sasa vimekusanywa katika Makumbusho Kuu ya Misri karibu na piramidi za Giza, iliyofunguliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025. Nguo zake zimepitia mikono ya wahifadhi wa Kimisri wakishirikiana na Wajapani, na vipande ambavyo Carter aliviona haviokoleki vimelainishwa na kukunjuliwa.

Kuna picha moja ambayo kila mshonaji wa nguo za Misri hukutana nayo. Ni karamu iliyochorwa kwenye kaburi la Nebamun, kama mwaka 1350 KK, ambayo vipande vyake vilikatwa ukutani mwaka 1820 vikauzwa kwa British Museum. Mahali kaburi lilipokuwa hapajulikani tena. Wanawake wamevaa kitani chepesi chenye marinda, na kichwani kila mmoja ana kitu kama kichuguu kidogo. Kwa miongo mingi wasomi wengi walikubaliana kwamba koni hizo hazikuwahi kuwepo, kwamba ni alama ya harufu nzuri au ya baraka, kwani hakuna mchimbaji aliyewahi kukuta hata moja. Kisha katika makaburi ya watu wa kawaida wa mji wa kale wa Amarna, katika misimu ya 2010 na 2015, zikakutwa mbili juu ya vichwa vya marehemu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ni za nta, yaelekea ya nyuki, zenye uwazi ndani. Mafuta au manukato hayakuonekana.

Sasa tatizo limehamia mabegani. Mchoraji wa Nebamun alitia manjano sehemu ya juu ya nguo zile nyeupe, na maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba ni mafuta ya koni yaliyoyeyuka yakatiririka. Kama koni zilikuwa nta tupu, manjano yale yalitoka wapi? Huenda nguo ilipakwa manukato kabla ya karamu. Huenda ni ngozi inayoonekana kupitia kitani chepesi, au ni mapenzi tu ya mwenye brashi. Mshonaji anayeagizwa nakala ya vazi hilo kwa ajili ya maonyesho hana budi kuchagua kabla ya kukata kitambaa, na ubao wa maelezo ulio kando ya nakala unapaswa kumwambia mtazamaji amechagua lipi.